Kisiwa Alikolala Latifu

Mwalimu Zahoro alipoanza kuchemsha uji wa ngano kwenye sufuria kubwa ya shughuli, majirani zake wa Visiga, Kibaha, walidhani kuna khitma inakuja, wakakaa mkao wa kula. Siku zikapita. Uji ulichemshwa, ukapoa, ukachemshwa tena, na hakuna aliyeletewa hata kikombe. Mwishowe jirani mmoja asiyepata usingizi bila habari za watu akachungulia dirishani, akarudi ameshika kiuno: mzee anapaka uji magazeti. Watu wakatikisa vichwa. Mtu amestaafu, amefiwa na mwana wake wa pekee, mke kaondoka, na sasa anapaka uji magazeti. Wengine wakasema tumwombee dua, wengine wakasema tumwangalie asije akachoma nyumba.

Wangeingia ndani wangeona kwamba juu ya meza ya chakula, pale familia ilipokuwa ikila pilau ya Ijumaa, kulikuwa na kisiwa kinainuka. Zahoro alifundisha jiografia kwenye sekondari moja ya Kibaha tangu nywele zake zikiwa nyeusi mpaka zikabaki za pembeni tu, na miaka yote hiyo alikuwa na ugonjwa mmoja: ramani. Aliwaambia wanafunzi wake kuwa ramani haidanganyi, anayedanganyika ni msomaji. Ukibisha, alikutoa mbele ya darasa ukasome mistari ya mwinuko huku wenzako wanacheka. Watu wa aina hiyo mnawajua. Ni watu wazuri, ila kukosolewa hawakuzoea.

Kisiwa chenyewe kiliitwa Irembo, kijisiwa cha wavuvi huko Ukerewe, ndani ya Ziwa Viktoria, na yeye Zahoro hakuwahi kukikanyaga. Mwanawe Latifu ndiye aliyepangiwa kufundisha huko alipopata ajira. Kila Ijumaa jioni kijana alikuwa akipiga simu nyumbani, na ili apate mtandao ilimbidi apande kilima cha katikati ya kisiwa, akae juu ya jiwe. "Mama, ngoja kwanza, nahema," ndiyo ilikuwa salamu yake. Mama yake, Mwanahalima, alikuwa anacheka kabla hata hajaamkiwa.

Halafu, asubuhi moja ya mwaka juzi, simu ikalia kutoka kilimani na sauti haikuwa ya Latifu. Ilikuwa ya Didas, mwalimu mwenzake. Latifu aliumwa tumbo ghafla, ziwa likawa limechafuka, boti haikuweza kutoka kumpeleka hospitali, na alfajiri akafariki. Didas ni Mkristo, mtu wa parokia, hakutaka kukosea mambo ya dini ya watu. Akauliza kwa adabu: Waislamu wa kisiwani ni wachache lakini wapo, shehe yupo, sanda itapatikana. Wamsitiri hukohuko leo, au wangoje upepo utulie wamsafirishe? Kusafirisha ni boti, kivuko, kisha gari mpaka Pwani, na barafu kisiwani hakuna.

Zahoro alikuwa peke yake nyumbani. Mwanahalima alikuwa Chole, kwao Kisarawe, kwenye harusi ya Fadhila, binti wa kaka yake. Zahoro akamwona mkewe amevaa sare, katikati ya vigelegele, anapokea simu ya namna ile mbele ya watu. Moyo wa Mwanahalima ulikuwa mbovu tangu zamani, na daktari alishamkanya kushtushwa. Akaona hapana, habari hii ataipeleka mwenyewe, kwa mdomo wake, akiwa amemshika mkono. Na maiti haicheleweshwi. Akamwambia Didas, "Msitirini leo." Kisha akatoka kutafuta gari. Alipofika Chole, jua lilikuwa limepinda na mtoto alikuwa amekwisha kuzikwa.

Hapo ndipo nyumba ilipovunjika. Hakuna aliyemlaumu Zahoro. Mashehe walisema amefanya vyema, wazee walisema amefanya vyema, hata Abdulkadiri, kaka yake Mwanahalima, alisema shemeji amefuata sheria. Alikuwa na haki, na haki ile haikumfaa kitu. Mwanahalima hakupiga kelele. Alikaa matanga, akapokea mikono ya pole, akangoja mpaka arobaini ikasomwa. Watu walipotawanyika ndipo alipomgeukia mumewe.

"Simu moja, Baba Latifu. Ilikuwa nzito kiasi gani?"

"Nilihofia moyo wako."

"Moyo ni wangu, na mtoto ni wangu. Labda hata mimi ningesema mzikeni. Lakini ningesema mimi."

Kesho yake akafunga mizigo, akarudi Chole kwa kaka yake. Talaka hakuomba. Aliposikia kwamba Zahoro anataka kwenda Irembo kuzuru kaburi, alituma neno lililouma kuliko talaka: "Ulimzika bila mimi. Kumzuru bila mimi, hutamzuru." Na yeye mwenyewe kwenda hakuweza. Safari ile ya mabasi na maboti, kwa moyo ule, daktari alisema ni kujitafutia kifo. Wakabaki hivyo, mmoja Kibaha na mmoja Kisarawe, na mtoto wao amelala mahali ambapo hakuna hata mmoja wao aliyewahi kupaona. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, wanasema, ila hawasemi wazazi wawili wafanye nini kila mmoja akiwa na uchungu wake.

Siku ya Idi Zahoro alikwenda Chole na kilo za nyama. Mwanahalima hakutoka ndani. Abdulkadiri ndiye aliyemkalisha barazani, akamwambia kwa sauti ya chini.

"Shemeji, dada ananiuliza maswali sina jibu. Pale alipolala mtoto pana kivuli? Ni kilimani au bondeni? Maji anayasikia? Mimi hata Mwanza sijafika, nitamjibu nini? Wewe ndiye mtu wa ramani."

"Nitamletea ramani."

Sauti ikatoka nyuma ya pazia, ya kwanza tangu arobaini. "Akileta karatasi nitaiwashia jiko. Nataka nipaone. Nataka nipashike."

Abdulkadiri akamsindikiza shemeji yake mpaka njiani, akamnong'oneza, "Mimi naona akipaona atatulia. Na akitulia, atarudi kwake."

Basi hiyo ndiyo ilikuwa siri ya uji wa ngano. Zahoro alikwenda Dar es Salaam akanunua ramani ya serikali, ile yenye mistari ya mwinuko, ya zamani, iliyochapwa kabla Latifu hajazaliwa. Humo Irembo kilikuwa na ukubwa wa kiganja cha mtoto. Akakichorea miraba midogo, akachora miraba mikubwa juu ya plaiwudi, akakihamisha mraba kwa mraba mpaka kikajaa meza. Kila mstari wa mwinuko akaukata kwenye boksi la sabuni, akapanga tabaka juu ya tabaka na gundi ya mbao katikati, hata kilima kikawa na ngazi kama za mimbari. Ndipo yakafuata magazeti yaliyolowekwa uji, akayabandika vipande vipande juu ya ngazi zile mpaka zikalainika zikawa miteremko. Yalipokauka akapaka unga wa mbao uliokorogwa na gundi, na ule ukawa udongo.

Kuna jambo moja la ufundi ambalo lazima lielezwe. Ukijenga kilima kwa kipimo kilekile ulichopimia upana wa nchi, kitatoka bapa kama chapati, na hakuna jicho litakalokiona. Kwa hiyo wenye kazi hii huzidisha kimo. Zahoro alikizidisha mara tano. Alitaka kidole cha Mwanahalima kikipanda kilima kile kichoke kidogo, kama alivyokuwa akichoka Latifu. Nchi yote ikainuka pamoja na kilima: mashamba ya mihogo, uwanja wa shule, mpaka kingo za ziwa.

Yale ambayo ramani ya serikali haikuyajua, aliyajua Didas. Alipanda kilimani, akapiga simu, akaeleza: shule iko hapa, nyumba ya walimu iko nyuma yake, njia ya kwenda gatini inapita katikati ya miwa. Zahoro akamwuliza habari za kaburi.

"Liko magharibi, mwalimu, chini ya mkuyu, pale wanapozikwa Waislamu. Ukisimama pale unayaona maji."

Zahoro alitafuta kokoto nyeupe, akaichonga kwa tupa mpaka ikawa ndefu kidogo, akailaza mashariki kwa magharibi ili uso wa mwanawe uelekee kibla. Alipoibandika aliishikilia kwa kidole muda mrefu kuliko gundi ilivyohitaji. Akamwambia, "Mama yako anakuja, baba." Halafu akajisikia aibu kwa kuzungumza na kokoto, akaenda kuosha mikono.

Masika ya mwaka huu kisiwa kilikuwa kimeanza kupakwa rangi. Didas akapiga simu mwenyewe, upepo unavuma mpaka ndani ya simu.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Umepiga wakati mzuri, Didas. Ufukwe wa magharibi ni mchanga au mawe?"

"Mchanga, mwalimu. Ila ndilo nililotaka kukwambia. Maji yamesogea sana mwaka huu. Yamekula ufukwe, yanaelekea kule kwenye mkuyu. Watu wameanza kuingiwa na wasiwasi..."

"Ziwa hupanda masika, likashuka kiangazi. Usinihamishie ufukwe, nimeshaupaka. Mimi nafuata ramani."

"Ndiyo, mwalimu, lakini shehe anauliza kama..."

"Didas, kaburi liko juu. Nalitazama hapa mezani. Limeinuka juu ya maji kwa vidole vitatu vizima."

 "Sawa, mwalimu," akasema Didas, kwa sauti ya mwanafunzi aliyeambiwa akae chini. "Nitapiga tena."

Zahoro akarudi kwenye brashi yake. Alilipaka ziwa buluu, akaona buluu imezidi, akaongeza kijivu kidogo. Alikuwa na furaha siku ile, na niseme kweli, alistahili furaha hata kama ni ya siku moja.

Kilipokamilika, akatuma habari Chole. Jibu likaja kupitia kwa Abdulkadiri: Jumamosi alete. Abdulkadiri akaongeza la kwake, kwa sababu shemeji hakosi la kuongeza. "Amefua kanga zake zote, amezikunja. Sijui ni za safari ipi, mimi sisemi kitu." Zahoro alifagia nyumba nzima, akabadilisha shuka, akanunua iliki kwa sababu Mwanahalima hanywi chai isiyo na iliki.

Alhamisi mlango ukabishwa. Alikuwa Didas, na begi begani. Dada yake Yasinta anaishi Pangani, hapohapo Kibaha, na shule zilikuwa zimefunga. Zahoro hakuwahi kuonana naye uso kwa uso, akamkumbatia kama mtoto wake aliyetoka safari. Hata maji ya kunywa hakumpa kwanza. Alimvuta moja kwa moja mpaka mezani.

Didas alikizunguka kisiwa mara mbili. Akagusa paa la shule. Akapandisha kidole kilimani, akalikuta jiwe, akacheka. "Jiwe la mtandao! Mwalimu, umeliweka!" Kidole kikateremka upande wa magharibi, polepole, kikafika kwenye kokoto nyeupe, kikasimama. Akavuta kiti akakaa.

"Mwalimu, hapa umeweka nchi kavu."

"Ndiyo. Chini ya mkuyu."

"Mkuyu haupo tena. Hapa ni maji."

Zahoro alibaki amesimama, tabasamu lingali usoni, maana uso huchelewa kupata habari.

"Ile siku niliyokupigia," Didas akasema, "watu walikuwa wanahamisha makaburi. Wenye ndugu kisiwani walitoa ruhusa, shehe akasoma, wakawapeleka watu wao juu karibu na shule. Kwa Latifu, shehe alitaka neno la baba. Hilo ndilo nililopandia kilima. Wewe ukasema liko juu, kuna vidole vitatu. Nikasema mwalimu ana vipimo, mimi nina macho tu. Nikashuka nikawaambia, baba yake anasema liko juu."

"Halafu?"

"Upepo ulivuma mpaka asubuhi. Kulipokucha ule upande haupo."

"Si ungepiga tena! Didas, si ulisema utapiga tena?"

"Mnara wa simu wa ng'ambo ulikuwa umeharibika. Ulipotengenezwa, hapakuwa tena na kitu cha kuombea ruhusa. Habari kama hii nikaona si ya simu. Nimekuja mwenyewe." Akaanza kulia, mtu mzima, akijifuta kwa ukosi wa shati. "Nisamehe, mwalimu. Mimi ndiye niliyemshusha kaburini, na nikashindwa kumtoa."

Zahoro akamwuliza jambo moja tu. Pale, kabla ya masika, ardhi ilikuwa juu ya maji kwa kiasi gani? Didas akasimama, akaweka kiganja kiunoni. Hapo, akasema. Hata hapakufika.

Kiunoni. Zahoro akatazama vidole vyake vitatu alivyokuwa amejivunia. Ni yeye aliyeviweka pale. Ni yeye aliyezidisha mara tano ili kilima kipendeze, akaliinua na kaburi bila kuliwazia, kisha akasimama mbele ya kazi ya mikono yake mwenyewe akaiamini kuliko mtu aliyekuwa anayaona maji. Angekuwa mwanafunzi wake, angemtoa mbele ya darasa. Akashika ukingo wa meza, na kilio alichokizuia tangu mwaka juzi kikamtoka chote, cha mtoto aliyekufa na cha mtoto aliyekufa mara ya pili. Didas akamshika mabega. 

Walipotulia, Didas akasema, "Mwalimu, mpelekee mama hivihivi kilivyo. Yeye Irembo hafiki. Nani atamwambia? Mwache apumzike."

"Wewe hukukosea kitu, Didas," Zahoro akajibu. Juu ya lile jingine hakujibu.

Jumamosi akaja dereva Dulla na kirikuu chake cha mizigo, akapandisha kisiwa nyuma kikiwa kimefunikwa shuka. "Mzee, keki ya harusi ya nani hii?" akauliza. Zahoro akasema ni ya mke wangu. Dulla akapiga honi kwa furaha mpaka wakatoka Visiga. Wakapita Mlandizi, wakaingia barabara ya vumbi ya Mzenga na Maneromango, na kila shimo Zahoro aligeuka nyuma kutazama. Njia nzima shauri la Didas lilikuwa likizunguka kichwani mwake. Halikuwa shauri baya. Lilikuwa shauri la mtu mwenye huruma, na huruma yeye anaijua; ndiyo iliyomfikisha hapa.

Chole walimpokea vizuri. Abdulkadiri aliwatoa watoto barazani, akatandika mkeka, wakashusha kisiwa. Mwanahalima akatoka ndani. Alikuwa amekonda, mkono mmoja anajishikia ukuta, lakini amevaa kanga mpya na nywele amesuka. Zahoro alipomwona amesuka, moyo ulimuuma kuliko angemwona amechakaa.

"Karibu, Baba Latifu," akasema.

"Nimekaribia, Mama Latifu."

Akakaa mkekani, akaondoa shuka mwenyewe.  Kisha akanyoosha kidole kama mtu anayesoma msahafu, akamwambia mumewe, nipitishe. Zahoro akampitisha. Hapa ni gatini, hapa aliposhukia siku ya kwanza. Hii njia ya miwa. Hii shule. Hapa alikuwa analala. Huku ndiko anakopandia. Kidole cha Mwanahalima kikapanda kilima, kikapunguza mwendo, kikafika kwenye jiwe.

"Hapa ndipo alipokuwa anahema," akasema, akacheka. Kilikuwa kicheko chake kilekile cha Ijumaa. Abdulkadiri akageuka upande, akajifanya anatafuta viatu.

Kidole kikateremka magharibi. Hakuhitaji kuambiwa. Alipoikuta kokoto nyeupe aliifunika kwa kiganja, akafumba macho, akasoma Fatiha na dua ndefu ya mama, mengine kwa Kiarabu, mengine kwa maneno yao wenyewe ya tangu mtoto ananyonya. Zahoro hakuweza kuinua mikono kusema amina. Alipomaliza, Mwanahalima akafungua macho, na uso wake ulikuwa umelainika.

"Nimefunga mizigo," akasema. "Nitarudi kwangu. Ila nikuulize mara moja, nisikuulize tena maisha. Ndivyo kulivyo?"

Neno lilikuwa moja tu, na jepesi. Angesema ndiyo, jioni ile wangekunywa chai ya iliki Visiga, na kila asubuhi Mwanahalima angeweka kiganja chake pale juu ya kokoto, na asingejua. Moyo wake ungesalimika. Zahoro alilifungulia neno lile mdomo. Na hapo akajisikia mwenyewe, sauti yake mwenyewe, inasema msitirini leo. Akaona kuwa anataka kumwamulia tena, kwa mapenzi yaleyale.

"Sivyo," akasema. "Ndivyo kulivyokuwa. Ziwa limepanda, Mama Latifu. Hapo sasa ni maji."

Mwanahalima hakuondoa kiganja. "Lini?"

"Masika haya."

"Na wengine waliozikwa pale?"

"Walihamishwa. Wote waliokuwa na watu wao."

"Naye alikuwa na watu wake," akasema Mwanahalima, taratibu, kama anayepiga hesabu. Abdulkadiri alisogea karibu, akihofia ule moyo, akaweka mkono begani mwa dada yake. Mwanahalima akautoa. "Walikupigia?"

 Alikuwa amejipanga kusema habari za maji, amejipanga kulia naye. Hakujipanga kwa hili.

"Walinipigia."

"Ukasema nini?"

Zahoro akatazama kisiwa, kizuri, kilichonyooka, kazi bora aliyowahi kuifanya. "Nikasema liko juu."

"Peke yako."

"Peke yangu."

"Hukuniuliza."

"Sikukuuliza."

Watu waliokuwapo wanasema walimngoja aanguke. Hakuanguka. Moyo ule ambao mumewe aliulinda kwa gharama yote hiyo ulikaa mahali pake, ukapiga kama kawaida. Mwanahalima alifungua kanga ya juu, ile mpya, akaikunjua, akakifunika kisiwa chote kuanzia gatini mpaka mkuyuni, akainyoosha pembeni kwa viganja, polepole, bila kuacha mkunjo. Ndivyo angemfunika mwanawe, kama angeitwa.

Kisha akajishikilia ukuta, akainuka.

"Kaka," akamwambia Abdulkadiri, "mgeni wako ametoka mbali. Mpe chai, halafu umsindikize, asije akachelewa gari."

Akaingia ndani, akashusha pazia. Abdulkadiri alileta chai, na Zahoro akainywa yote, kwa sababu mgeni haachi chai ya watu.